Mtungi wa kioo wa bibi: usome kabla ya kuuuza

Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zinapungua mwaka hadi mwaka. Ile nyumba ya vyumba sita, yenye baraza mbele, ukumbi katikati na uani nyuma, hubomolewa, na baada ya muda mahali pake husimama ghorofa lenye maduka chini. Kabla ukuta haujaanguka, vyombo hutolewa nje. Sinia za shaba hupata mwenyewe mapema, masanduku ya mbao hupakiwa mkokotenini, na vyombo vya kioo vya jikoni huachwa mwisho, vikimsubiri kijana apitaye na gunia akinunua chupa tupu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku tulipofungua kabati la jikoni la marehemu bibi yetu, Allah Amrehemu, katika Mtaa wa Sikukuu. Nyuma ya vikombe na bilauri tulikuta mitungi miwili ya kioo yenye mdomo mpana. Mmoja ulikuwa mweupe, umeandikwa Horlick's, na ndani yake mlikuwa bado na achari ya ndimu aliyoitengeneza kwa mikono yake. Wa pili ulikuwa wa rangi ya bahari, wenye kifuniko cha zinki, na ubavuni mwake yametokeza maandishi ya Kiingereza: MASON'S PATENT NOV 30TH 1858.

Ami aliusoma mwaka ule mara mbili. "Mtu asiuguse," akasema. "Huu una zaidi ya miaka mia moja na sitini. Huu ni mali."

Kuanzia jioni ile mtungi ukageuka jambo la mirathi. Mmoja alisema bibi alimwahidi yeye, mwingine akataka uuzwe upesi, wa tatu akasema amekwisha kumpata mnunuzi wa vitu vya kale aliye tayari kulipa kwa sababu ya mwaka huo. Kwa muda wa wiki tatu watu wa nyumba moja walisalimiana kwa midomo tu. Shangazi mkubwa ndiye aliyekata shauri: mtungi usiuzwe wala usigawiwe mpaka ijulikane ni kitu gani. Kazi hiyo nikapewa mimi. Haya ninayoyaeleza ndiyo niliyojifunza, nami naamini yatazifaa familia nyingi zenye makabati kama lile.

Matunda ndani ya kioo

Watu wa pwani hawakuanza jana kuishi na kioo. Katika magofu ya Kilwa, ambako mtaalamu Neville Chittick alichimba katika miaka ya 1960, vilipatikana vipande vya vyombo vya kioo pamoja na shanga zilizovuka bahari karne nyingi zilizopita. Katika Qur'ani Tukufu, Surat An-Nur inataja taa iliyomo ndani ya kioo, na Surat An-Naml inasimulia jumba la Nabii Sulaiman (a.s.) lililosakafiwa kwa vioo. Na katika nyumba zetu, mrashi wa kunyunyizia marashi ungali unatolewa siku za harusi na maulidi.

Mtungi wa kuhifadhia matunda, hata hivyo, ni mgeni wa juzi. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimzawadia Nicolas Appert, aliyekuwa mtengenezaji wa vyakula vitamu, faranga 12,000 kwa kuonyesha kwamba chakula kikitiwa ndani ya chupa, kikazibwa barabara kisha chupa ikachemshwa, hukaa muda mrefu bila kuoza. Appert mwenyewe hakujua sababu yake. Sababu ilikuja kueleweka baadaye, Louis Pasteur alipobainisha kazi ya vijidudu katika kuchachusha na kuozesha vyakula.

Tatizo lililobaki lilikuwa kuziba. Kizibo cha gome na nta ilikuwa kazi ya kuchosha, na ikikosewa kidogo chakula kinaharibika. Tarehe 30 Novemba 1858, fundi bati wa Marekani aitwaye John Landis Mason alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa mtungi wenye shingo iliyochongwa hesi, ili kifuniko cha zinki kizungushwe na kukaza juu yake. Mama wa nyumbani akaweza kufunga na kufungua mwenyewe. Kasoro ikaonekana mapema: zinki ikikutana na uchachu wa matunda huliwa, na chakula huchukua ladha ya madini. Mwaka 1869 Lewis Boyd akapata hataza ya kisahani cha kioo cheupe kinachowekwa chini ya kifuniko ili chakula kisiguse zinki. Kila aliyewahi kufunika achari kwa kifuniko cha bati anaielewa haja hiyo.

Mason hakutajirika. Viwanda vingine viliendelea kutengeneza mitungi ya namna yake, naye akafariki mwaka 1902 katika hali ya ufukara. Viwanda hivyo viliendelea pia kuandika juu ya kioo ile tarehe ya hataza yake, kwa miaka mingi baada ya 1858, kwa kuwa wanunuzi walikwisha kuizoea na kuiamini.

Hapo ndipo nilipoanza kumhurumia ami yangu. Mwaka ulioandikwa kwenye mtungi wetu ulikuwa mwaka wa hataza, wala haukuwa mwaka wa kuzaliwa kwa mtungi wenyewe.

Mdomo, mshono na kitako

Ikiwa maandishi hayatoshi, msomaji ataujuaje umri wa kioo chake? Ataujua kwa kukitazama mwanangani na kukipapasa kwa kidole.

Aanze na mdomo. Mitungi ya zamani ilipulizwa kwa pumzi ya fundi ndani ya kalibu ya chuma. Kioo kilipopoa kilikatwa kutoka kwenye bomba la kupulizia, na mdomo ukabaki na makali. Ili kifuniko kikae, mdomo huo ulisagwa. Mtungi wa namna hiyo ukiupitishia kidole juu ya mdomo utausikia una mkwaruzo kama wa jiwe la kunolea, na mara nyingi utaona vipande vidogo vidogo vilivyobanduka. Wasiojua hudhani ni ubovu, kumbe ni alama ya kazi ya mkono.

Kisha atazame mshono, yaani ule mstari mwembamba uliobaki pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Katika chupa zilizomaliziwa mdomo kwa mkono, mstari hupotea kabla ya kufika juu. Katika chupa za mashine, mstari hupanda moja kwa moja hadi juu ya mdomo, na mdomo wenyewe huwa laini. Mitungi ya mdomo mpana ilitangulia kuingia katika mashine, tangu miaka ya 1890. Mwaka 1903 Michael Owens wa Marekani alikamilisha mashine iliyotengeneza chupa yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na mashine yake huacha kitakoni alama ya duara, mara nyingi iliyokaa upande, kama kovu la chanjo.

Namba iliyo kitakoni huwapoteza wengi. Mtu akiona 8 au 13 hudhani ni mwaka, au hudhani ni namba ya bahati. Kwa kawaida namba hiyo ni ya kalibu tu, ili kiwandani ijulikane ni kalibu ipi iliyotoa mtungi wenye dosari.

Rangi nayo ina maneno yake. Kioo hutokana na mchanga, magadi na chokaa. Magadi hayo ni ya jamii ile ile inayochimbwa kwa jirani zetu, katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Chuma kilichomo mchangani ndicho kinachokipa kioo cha kawaida rangi ya kijani au ya bahari. Ili kupata kioo cheupe, mafundi wa zamani walitia manganizi, na kioo cha namna hiyo kikikaa juani miaka mingi hugeuka zambarau hafifu. Mitungi ya rangi ya bahari ni mingi sana duniani. Ile ya kahawia iliyokolea au ya buluu nzito ni michache, na ndiyo inayotafutwa na wakusanyaji.

Jambo la mwisho ni ujazo. Painti ya Kiingereza ni mililita 568, ya Kimarekani ni 473. Robo ya galoni ya Kiingereza hupita lita moja, yapata mililita 1,136, ilhali ya Kimarekani haifiki lita, ni 946. Mimina maji mpaka chini ya shingo, kisha yapime. Mara nyingi maji yatakwambia mtungi umetoka upande gani wa bahari, hata kama maandishi yamefutika.

Mtungi wa bibi ulikuwa na mdomo laini, na mshono wake ulipanda mpaka juu kabisa. Kitakoni palikuwa na namba moja tu, 8. Maji yake hayakufika lita. Ulikuwa mtungi wa Kimarekani uliofanywa kwa mashine, wa rangi iliyo ya kawaida kuliko zote. Haukuwa wa mwaka 1858, na haukukaribia.

Mtungi usiogombewa

Tulipokuwa tukiugombania ule wa Mason, hakuna aliyeutazama ule wa Horlick's. Kumbe nao ulikuwa na la kusema. Ndugu wawili wa Kiingereza, James na William Horlick, walianzisha biashara yao ya unga wa maziwa na kimea nchini Marekani, mwaka 1873. Kiwanda chao cha Uingereza kilifunguliwa Slough mwaka 1908. Kwa hiyo mtungi wenye jina la Slough, kama huu wetu, hauwezi kuutangulia mwaka huo. Hii ndiyo njia ya kuyasoma maandishi kwa akili: tusiulize mwaka gani umeandikwa, tuulize ni jina lipi lililomo ambalo lisingeweza kuwamo kabla ya wakati fulani.

Mifano ya namna hiyo imejaa katika nyumba zetu. Kikopo cha kioo kilichoandikwa Chesebrough ni cha vazelini. Kampuni hiyo iliungana na Pond's mwaka 1955, basi kikiwa na majina yote mawili ni cha baada ya hapo. Chupa iliyoandikwa Tanganyika iko kati ya mwaka 1920, nchi ilipopewa jina hilo, na mwaka 1964, jina la Tanzania lilipozaliwa. Mitungi ya Kilner ni ya Kiingereza, kutoka Yorkshire. Ukoo ulioianzisha ulifilisika mwaka 1937, lakini jina liliuzwa na mitungi mipya yenye jina hilo inatengenezwa hadi leo. Na tangu mwaka 1963 Dar es Salaam ina kiwanda chake cha chupa, Kioo Limited. Si kila chupa iliyochakaa ilishuka melini.

Kwa kaida hiyo hata mtaa wenyewe husomeka. Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi mahali hapo. Jina hilo haliwezi kuwa la kale kuliko vita hivyo. Na jengo kubwa la soko, lililobuniwa na msanifu wa Kitanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Moto wa Julai 2021 ulitukumbusha jinsi tulivyozoea kupita mbele ya kitu chenye historia bila ya kukitazama.

Ghushi na ukweli

Panapokuwa na wanunuzi hapakosi wadanganyifu. Mitungi mipya imetengenezwa kwa mfano wa ya kale, pamoja na ile tarehe ya 1858. Mingine hupigwa mionzi ili igeuke zambarau au kahawia iliyokolea, ipate bei. Zambarau ya jua huwa hafifu. Ukiona kioo kimekolea kama zambarau mbivu, kuwa na shaka. Tazama pia mikwaruzo ya kitakoni. Mtungi ulioburuzwa rafuni miaka hamsini hukwaruzika ovyo, mistari ikielekea kila upande, lakini uliosuguliwa kwa msasa jana huwa na mistari inayofuatana.

Kuosha kuna adabu yake. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni, na siki kwa ukoga mweupe ulioachwa na maji ya chumvi. Usimimine maji ya moto ndani ya kioo kilicho baridi, kwani kitapasuka. Usitumie waya wa kusugulia sufuria. Kioo kilichokaa ardhini muda mrefu hupata ukungu usiotoka, kwa sababu ni kioo chenyewe kilicholiwa, kuoshwa hakutauondoa.

Na mtungi wa kale usitumiwe kuchemshia na kuhifadhi chakula. Ufa usioonekana huweza kupasuka motoni, na kifuniko kilichochoka hakizibi. Mboga na nyama zikifungwa vibaya pasipo hewa zinaweza kuzalisha sumu inayoua bila kubadilisha harufu wala ladha. Achari yako itie katika chupa mpya, na ule wa kale uweke rafuni mbali na jua na mbali na watoto.

Anayetaka kukusanya hahitaji fedha nyingi. Aanze na kabati la nyumbani, kisha aulize kwa wazee, kisha kwa wanunuzi wa chupa tupu, ambao mara nyingi hawajui wala hawaulizi. Aandike kwenye karatasi kila mtungi ulipotoka na ulitumiwa kwa nini, kwa kuwa habari hiyo ikipotea haipatikani tena. Lakini asishike jembe kwenda kuchimba katika magofu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji wa kutafuta vitu vya kale unahitaji kibali. Kipande cha kioo kilichong'olewa Kaole au Kunduchi bila wataalamu hakina tena la kutufundisha.

Siku ya mnunuzi

Nilipomaliza, shangazi alituita sote, na mnunuzi naye akaitwa. Kabla hajafika, mmoja wetu alisema tunyamaze. Hatukuandika sisi mwaka ule juu ya kioo, alisema, na mnunuzi ana macho yake. Maneno hayo yalikuwa na ladha. Fedha iliyotajwa ingetosha kulipa deni alilotuachia bibi katika duka la jirani, na zaidi.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatukumbusha kisa tunachokijua sote, cha Mtume Muhammad (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula na kukuta umajimaji chini yake, na jinsi alivyomkemea muuzaji kwa kuuficha. "Na huu ndio umajimaji wetu," akasema. "Tumekwisha kuujua. Jana tungeuza kwa kutojua. Leo tukinyamaza tunaficha."

Mnunuzi alipofika aliambiwa yote: mdomo, mshono, namba, maji. Aliupapasa mdomo wa mtungi kwa kidole gumba, akacheka kidogo, akatushukuru, na akataja bei nyingine. Haikufika hata sehemu ya kumi ya ile ya kwanza. Tulimwuzia. Fedha hiyo iliingizwa katika mali ya marehemu, deni la dukani likalipwa kwanza kama inavyotakiwa, sehemu yake ikitoka katika fedha ya nyumba, na kilichobaki kikagawiwa kwa hesabu ya mirathi. Ami hakusema neno siku ile. Alikuja kusema siku ya Idi, na alichosema ni kwamba afadhali tumeweza kukaa sinia moja.

Mtungi wa Horlick's ulikuwa nao ni mali ya warithi, ingawa hakuna mnunuzi aliyeutaka. Tuliulizana mmoja mmoja kama kuna asiyeridhika shangazi akiuchukua. Sote tuliridhika. Achari iliyokuwamo tuliigawana kwa vijiko, kila nyumba kikombe kimoja, na chumvi yake ilikuwa kali kama alivyoipenda mwenyewe. Sasa uko Magomeni, juu ya rafu, mtupu na safi. Ndani yake mna kipande cha karatasi chenye jina la bibi, jina la mtaa, na maneno haya ya shangazi kwa mkono wake: haukuuzwa.